Shemeji, Njoo Uichukue Baiskeli ya Libérata

Rubona, Gisenyi
14 Septemba 1999

Kwa shemeji yangu mheshimiwa Wenceslas, fundi na muuza baiskeli, Goma.

YAH: KURUDISHWA KWA BAISKELI YA MILIMANI ULIYOMUUZIA DADA YAKO

Shemeji,

Huku kwetu sote ni wazima, isipokuwa heshima yangu. Unanijua kuwa mtu mpole tangu nilipokuja kuposa kwenu, kwa hiyo naomba usome haya ukiwa umekaa.

1. Siku ya kuchagua, nilimwonyesha Libérata ile nyekundu yenye springi mbele na gia ishirini na moja, kwa bei nafuu ileile. Yeye akainama kama anayenunua mtamba kwenye mnada wa ng'ombe wa Mudende. Akazungusha magurudumu kuona kama yanayumba, akabana breki, akainyanyua kwa mkono mmoja. Kisha akachukua ya kijivu, kuukuu, isiyo na springi, eti springi za bei rahisi humeza nguvu mlimani. Nawe ukaitikia kwa kichwa!

2. Nilidhani ananinunulia mimi. Desturi iko wazi: mwanamume huendesha, mwanamke hupakiwa nyuma, amekaa upande, mwavuli mkononi. Dada yako huvaa suruali chini ya sketi na kuendesha mwenyewe hadi mjini, kwenye ofisi anakopiga chapa. Jirani yetu Mama Verediane aliziba mdomo kwa kitenge siku ya kwanza. Siku ya nne alikuja kuuliza kama mtu wa miaka hamsini anaweza kufundishwa.

3. Mimi, kama karani wa ghala la viazi la ushirika, nakwenda kazini kwa basi dogo, na basi dogo haliondoki Rubona mpaka lijae. Kila asubuhi nimekaa dirishani, tai shingoni, Libérata ananipita. Angepita kimya ningevumilia. Anapiga kengele! Naye utingo Janvier anawatangazia abiria wote: "Mzee, bibi yako iko napita tena! Ule mama iko na mbio, kweli!"

4. Wiki iliyopita bosi wake alimkabidhi ufunguo wa ofisi, kwa kuwa hufika wa kwanza. Wiki hiyohiyo nilipewa barua ya pili ya onyo kwa kuchelewa. Ya tatu ni ya kufukuzwa. Shemeji, naogopa. Mkurugenzi aliniuliza, kwa upole kabisa, kama mimi na mke wangu tunaishi nyumba moja.

5. Ni dhahiri basi kwamba baiskeli hiyo ndiyo inayonichelewesha. Kabla baiskeli haijaja nilichelewa vilevile, lakini hapakuwa na mtu wa kunilinganisha naye.

Naomba uje Jumamosi uichukue, au nitapeleka shauri hili kwenye kikao cha ukoo.

Wasalimie mama mkwe, mkeo Xavérine na watoto, na hata yule fundi mwenzako aliyenicheka siku ile ya kuchagua.

Ni mimi shemeji yako, mwenye tai na machungu,
Onésphore

N.B. Haya nayaandika ndani ya basi dogo nililopanda nikuletee barua mwenyewe. Halijajaa. Libérata amesimama hapa dirishani na baiskeli, anakuja kwenu, basi nampa yeye. Usiichukue. Ifungie karia nyuma, pana na imara; nina kilo themanini na mbili. Tumekubaliana tuanze Jumatatu. Nitakaa upande. Mwavuli ninao.