Fundo la Bega la Kushoto

Jumatatu, 3 Machi
Bega la kushoto limeamka kabla yangu. Miezi minane sasa linauma. Picha za hospitali zinaonyesha bega safi, bega la kujivunia. Daktari akasema sina kitu. Sina kitu! Nikaenda kwa mtaalamu wa viungo, binti mwenye vidole kama koleo. Akabonyeza mahali pamoja tu, karibu na shingo. Nikaona nyota. Uchungu ukaruka nyuma ya sikio hadi kwenye panja, pembeni ya jicho. Yeye akafurahi, eti ndilo fundo lenyewe. Kwamba miaka ishirini na sita ya kuinamia na kutengeneza saa za watu, bega likiwa limepandishwa sikioni, imeuzoesha msuli kukaza, na sasa umesahau kulegea. Maumivu ni ya kweli, akasema, hata kama kwenye picha hayaonekani.

Nilikaribia kulia. Nikasingizia vumbi.

Akanikanda dakika ishirini. Mke wangu alikwenda kwa binti yetu kulea mjukuu kwa wiki mbili. Tangu hapo hakuna mkono ulionigusa ila wa kinyozi. Mjukuu sasa anajua kusoma.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Nimepata nafuu. Shingo inageuka vizuri kabisa. Mtaalamu anasema wiki ijayo ataniruhusu, nikaendelee mwenyewe: kitambaa cha moto, mpira wa kuegemea ukutani, kiti kipandishwe, nisimame kila nusu saa. Kuruhusiwa! Mpango: kuongeza maumivu.

Ijumaa, 7 Machi
Mpango nimeutekeleza. Alipobonyeza nikapiga ukelele, nikasema uchungu umeshuka hadi gotini. Akanipeleka kwenye mchoro wa mwili ukutani, akafuata kwa kalamu njia za fundo lile: shingo, nyuma ya sikio, panja. Goti halimo. Nikamweleza kuwa mimi ni mtu wa aina yake.

Akauliza kwa upole, "Baba, nyumbani unaishi na nani?"

Nikajibu nyumba imejaa watu, hata pa kukaa hakuna. Akasema vizuri sana, Jumatatu nije na mmoja wao amfundishe kunikanda. Mdomo wangu huu!

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafuta mtu. Mke wangu kwenye simu: hawezi, mjukuu ana mafua. Ana mafua tangu mwaka juzi. Kinyozi anasema kazi yake inaishia shingoni. Amebaki fundi funguo, tunayegawana naye meza chini ya ngazi. Hatusalimiani mwaka wa pili huu, tangu alipousogeza ubao wake wa funguo upande wangu, vidole vinne kamili. Nilipima. Kwa kuwa hatusemeshani, nikamwandikia kikaratasi kumweleza shida yangu. Akajibu nyuma yake: Saa ngapi?

Jumatatu, 10 Machi
Nikamtambulisha kama mdogo wangu. Amenizidi miaka sita. Mtaalamu akamfundisha kuweka dole gumba, kubonyeza polepole, kungoja msuli ukubali wenyewe, asitumie nguvu. Nikafumba macho nikisubiri kisasi cha miaka miwili. Hakikuja. Mikono inayosoma meno ya funguo kwa kupapasa tu ikalipata fundo mara ya kwanza. "Hapa? Au hapa juu kidogo?" Bega likashuka. Lilishuka mpaka nikajiona mfupi.

Nikaruhusiwa. Tulipotoka nje, fundi funguo akajikohoza. Akasema, "Mimi tangu mama afariki, nyumbani hakuna wa kunisemesha. Tukifunga kazi nitakukanda, tunakunywa chai, halafu kila mtu aende kwake."

Nikasema nitafikiria.

Jumanne, 11 Machi
Nimefikiria. Nimemshtukia. Chai! Mtu hakandi bega la jirani bure. Anaitaka kona yangu ya meza, ile yenye mwanga. Nikamwambia ahsante, nimepona kabisa. Akasema haya, akarudi kuchonga funguo kwa tupa yake. Siku nzima hakuinua uso. Mimi pia sikuinua, niliinamia saa ya mteja mmoja tangu asubuhi bila kusimama, ili asidhani namtazama.

Saa nane mchana bega likaanza kuvuta.

Nikafunga mapema, nikaenda kuomba miadi. Karani wa mapokezi akauliza kama ni lile bega lililopona. Nikamwambia hapana, hili ni la kulia. Kaniandika Alhamisi, mtu wa kwanza. Nimenunua shati jipya.