Dawa Mbili, Bomba Moja

Jumatatu, 3 Juni
Habari njema! Mjomba, mkemia wa visima vya mafuta, atachukua mwanafunzi mmoja maabarani kwake likizo hii. Mmoja tu. Ijumaa atakuja darasani kuona nani anajua kuzuia bomba la mafuta lisizibe. Nimesoma vitabu vitatu. Mshindani wangu ni binamu yangu Spana, ambaye hajawahi kumaliza hata maelezo ya pakiti ya sabuni. Nafasi ni yangu.

Jumanne, 4 Juni
Mjomba ametuletea mafuta ghafi, chupa mbili za dawa, na kila mmoja wetu kipande cha mpira wa maji kiwe bomba lake. Amesema mafuta hutoka ardhini yakiwa moto. Yakipoa njiani, nta huganda bombani kama mafuta ya mchuzi uliolala. Maji yanayofuatana nayo huacha ukoko wa chokaa, kama birika. Dawa moja ya nta, nyingine ya ukoko. Kila moja na tundu lake bombani, tone kwa tone, kabla mambo hayajaharibika. Anayetaka kuzichanganya ajaribu kidogo kwenye glasi kwanza. Nimeandika yote kwa wino mwekundu. Spana alikuwa anajikuna sikio kwa kalamu.

Jumatano, 5 Juni
Spana ametoboa mpira wake mara mbili, kachomeka sindano mbili za kudondoshea dawa. Utoto! Mimi nitachanganya: chupa moja, tundu moja, ushindi mmoja. Glasi ni ya wasiosoma. Dada aliuliza kama mjomba amekubali. Nikasema wavumbuzi hawaombi ruhusa. Akasema haya, mvumbuzi, kavumbue namna ya kufagia chumba chako.

Alhamisi, 6 Juni
Spana amejitolea kuniazima sindano ya ziada. Mtego! Nilikataa kwa heshima. Sauti yangu ilikuwa ndogo, hakusikia, ikabidi nikatae tena.

Ijumaa, 7 Juni
Aibu. Nilichanganya dawa mbele ya darasa zima, nikazimimina kwenye mpira wangu. Zikawa ute. Kisha jeli. Kisha kitu kama kandambili. Bomba limeziba kabla mafuta hayajafika! Mjomba aliupindua mpira, hakikudondoka kitu. Akasema miaka yote kazini hajaona bomba lililozibwa kwa bidii namna hii. Darasa likaangua kicheko. Nafasi kapewa Spana. Eti akanipiga bega: pole, msomi.

Jumamosi, 8 Juni
Mjomba alikuja nyumbani. Kwa upole akaniambia mwakani kuna nafasi nyingine, mradi nijifunze jambo moja tu: kujaribu kidogo kwanza. Machozi yalinilenga. Nimeahidi.

Nimetafakari kosa langu mchana kutwa, na hatimaye nimelipata. Dawa mbili ziligombana kwa sababu hazikuwa na msuluhishi. Inatakiwa ya tatu! Nimekoroga zilizobaki na sabuni ya unga, ndoo nzima, nikaimimina yote kwenye sinki la jikoni, maana nalo lina bomba. Mama akirudi ataona maajabu.