Kumbukumbu ya Mtu Aliye Mzima

Mabatini, Mwanza
Jumatatu asubuhi

Kumb. Na.: Nimepaacha wazi. Neno hilo, hata likikatwa katikati, sitaki kuliona tena karibu na jina langu.

Kwa Bi. Odeta,
Katibu,
Umoja wa Kusaidiana, Mabatini.

Ndugu Katibu,

YAH: KUOMBA KURUDISHWA MIONGONI MWA WALIO HAI

Lengo la barua hii ni kukujulisha kuwa mimi ni mzima. Najua watu wengi huandika sentensi hiyo ili kujaza mstari wa kwanza kabla hawajafika kwenye shida zao. Kwangu mimi hiyo ndiyo shida yenyewe. Ningeweza kuishia hapo na kutia sahihi, lakini nimekagua mizani za wafanyabiashara hadi nikastaafu, na sina tabia ya kuacha jambo bila kulipima pande zote.

Wewe ni kijana, binti yangu Odeta, na bidii yako naiheshimu. Ulipochaguliwa kuwa katibu ulitukuta tunapeana taarifa kwa kuitana madirishani. Ukatuambia dunia imekwenda mbele, ukazichukua simu zetu moja moja, ukatuwekea programu ya kalenda. Ukasema miadi ikishaandikwa mahali pamoja, simu za wanachama wote zitalia kwa wakati mmoja, wa Mwanza na hata wale waliorudi Bukoba. Tulipiga makofi. Nadhani mimi ndiye niliyeanza kupiga, na naomba nirudishiwe makofi yale.

Jumamosi iliyopita, kama unavyojua, wazee wetu walikuwa wanipeleke Buhongwa kwa Mzee Masalu, nikajitambulishe kwamba namtaka dada yake, Bi. Modesta. Mimi ni mgane, sikujaliwa mtoto, na nyumbani kwangu ikifika jioni anayezungumza ni friji peke yake. Bi. Modesta nilimweleza nia yangu tangu kabla ya mvua za vuli, na jibu lake mpaka leo ni neno moja, "tutaona". Si ndiyo, si hapana. Ni kaka yake aliyechoka kusubiri, akasema haya njooni basi, tuwaone. Tulipatana kwa mdomo tukutane kituoni Buhongwa, tuingie kwa Mzee Masalu kwa pamoja, mbele akitangulia mshenga wangu, Mzee Pius. Kazi yako ilikuwa ndogo. Ulitakiwa kuwakumbusha wazee wasichelewe.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Neno lenyewe. Ulisambaza kwa herufi kubwa: KUMBUKUMBU, MZEE CLAVERY RWEKAZA, JUMAMOSI SAA NNE ASUBUHI, WOTE MFIKE BILA KUKOSA. Nakubali kwamba nia yako ilikuwa kukumbusha. Lakini sisi ni watu wa kanisa, binti yangu. Neno kumbukumbu likitangulia jina la mzee wa umri wangu, hakuna anayeuliza anakumbushwa nini. Na kwa kuwa kumbukumbu hufanywa baada ya mazishi, kila mwanachama aliamini kwamba mazishi yangu yalishapita na yeye hakuwepo. Akaona haya kuuliza nilikufa lini. Hivyo watu wazima, wenye akili zao, walikaa na msiba wangu wiki nzima bila kupiga simu, kila mmoja akiogopa kuonekana ndiye peke yake asiyejua. Mama mmoja aliyepishana nami sokoni siku ya Alhamisi anasema sasa ndiyo ameelewa kwa nini sikumwitikia. Sikumwitikia kwa sababu sikumsikia.

2. Rangi na picha. Kalenda ilichukua picha yangu ya pasipoti, ile ya tai, niliyokaza macho kwa kuwa mpiga picha alinikataza kupepesa. Kisha ukaizungushia zambarau. Ulipoulizwa ulijitetea kwamba programu inakupa rangi za kuchagua na zambarau uliitenga kwa miadi muhimu. Sina ubishi na programu. Lakini padre wetu akitoka sakristia na zambarau ya mazishi katikati ya juma, hatufikirii miadi.

3. Mahali. Nimeambiwa kwamba ulipofika penye neno "mahali", kabla hujaandika Buhongwa, simu ilijaza yenyewe nyumbani kwangu Mabatini, nawe ukabofya "hifadhi" ukidhani inajua zaidi yako. Simu haijui zaidi yako. Simu haijawahi kuposa.

4. Wingi wa vikumbusho. Uliiamuru ikumbushe wiki moja kabla, siku moja kabla, saa moja kabla, na dakika kumi kabla, pamoja na mara nyingine ambazo naamini ilijiamulia. Mimi pia ni mwanachama, kwa hiyo nami nilikumbushwa, kana kwamba mtu anaweza kusahau kwamba anakwenda kuomba mke. Kwangu iliandika "miadi yako" tu, maana kalenda haimwandikii mwenyewe jina lake, kwa hiyo sikushtuka. Ijumaa jioni niliizima simu nipate usingizi. Wawili watatu waliojipa moyo wa kunipigia Jumamosi asubuhi walikuta haipatikani, wakasema ndiyo hivyo tena.

5. Siku yenyewe. Nilitoka mapema kwenda Buzuruga kwa fundi wangu kuchukua suti, nikaivaa pale pale, nikaelekea Buhongwa. Nikasimama kituoni nimenyooka, nikingoja wazee wangu. Wazee wangu wakati huo walikuwa Mabatini wananifungia turubai. Walikuta mlango una kufuli, wakauliza, na jirani akajibu kwa nia njema kabisa kwamba nilitolewa alfajiri na gari. Ilikuwa teksi, Ndugu Katibu.

Mzee Pius alikuwa Muleba siku zote hizo na alirudi Ijumaa. Nimemuuliza iwapo hakuona ajabu kwamba kumbukumbu yangu imeangukia siku ile ile, saa ile ile, ya posa yangu. Anasema aliona, na alisikitika sana, akasema moyoni Mungu ana mipango yake. Kisha, kwa kuwa ni mshenga mwaminifu, akampigia Mzee Masalu kumwarifu kwamba ugeni hautakuja kwa sababu bwana harusi hatunaye.

Mimi nilipoona jua limepanda nikaamua kwenda peke yangu. Nilibisha hodi, nikatoa salamu ya Kisukuma, "mwangaluka", niliyokuwa nimeifanyia mazoezi bafuni. Mzee Masalu hakuitikia. Alinitazama kuanzia viatu kupanda juu, akagusa mkono wa suti yangu kwa kidole kimoja, akaniambia kwa upole kwamba ana jambo moja la kusema. Ama mshenga wangu ni mwongo, au mimi nimekufa. Na yeye hawezi kumtoa dada yake kwa mtu anayetuma waongo wala kwa mtu aliyekufa. Nilitafuta kosa katika hoja hiyo nikalikosa. Alisema nikamalize kwanza msiba wangu, halafu tutazungumza.

6. Kuhudhuria msiba wangu. Ukoo wa Mzee Masalu ulikuwa tayari umepanda gari la Noah kuja Mabatini kunililia, kwa hiyo wakanipa lifti. Nilikaa katikati ya akina mama waliojitenga nami kadiri walivyoweza, nimepakatishwa mkungu wa ndizi za kupeleka kwangu. Tulipofika, kwaya ilikuwa inaimba kwamba pengo langu halizibiki. Ni kwaya hii hii iliyonitoa kwenye besi baada ya Pasaka, ikasema sauti yangu inawapoteza wengine. Mzee Pius alikuwa anasoma wasifu. Aliniona, akaendelea kusoma mpaka mwisho wa ukurasa kwa sababu, anasema, alikesha akiuandika. Wasifu ulikuwa na makosa. Ulisema niliwapimia watu samaki, ilhali mimi nilipima mizani inayowapima samaki. Ulisema pia kwamba sikuwahi kukasirika. Hapo waliokuwa wakilia walinyamaza kidogo.

7. Bi. Modesta. Hili naliandika kwa shida. Alipopata habari, hakungoja gari la kaka yake. Alikamata sufuria kubwa, akadaka bodaboda, na kabla sijafika alikuwa keshaingia jikoni kwangu, kanga kiunoni, anaamuru nani aoshe mchele na nani achochee moto. Ni kinyume cha taratibu zote za posa kwamba mwanamke ambaye hajatolewa akutwe amekamata mwiko katika nyumba ya anayemposa. Watu wengine wote waliponiona walikimbia au wakapiga ishara ya msalaba. Yeye alinitazama tu, akasema nimechelewa na watu wana njaa, akageukia sufuria. Alipakua mpaka mtu wa mwisho. Nilipopata nafasi ya kumfuata nyuma ya nyumba alikuwa ameshaondoka bila kuaga. Nimekaa Jumapili nzima nikingoja simu yake, nayo safari hii niliiwasha. Naona nimempoteza, Ndugu Katibu. "Tutaona" angalau lilikuwa neno.

8. Marekebisho yako. Jumamosi jioni ulijaribu kusawazisha mambo, nakushukuru, lakini badala ya kufuta ulibofya "ahirisha". Simu zote zikatangaza kwa pamoja kwamba kumbukumbu ya Mzee Clavery imeahirishwa hadi tarehe itakayotajwa. Tangu hapo naulizwa njiani, kwa heshima, kama tarehe imeshapatikana. Watu wa Bukoba wanataka wajue kama wakate tiketi sasa au wangoje. Na uliporudi kurekebisha hilo, nimeona kwa macho yangu, uligusa "rudia kila mwaka, bila mwisho". Hata nikifa kweli, nitakuwa nimeshazoeleka.

9. Salamu. Watoto wa mtaa hawaniamkii tena. Si utovu wa adabu. Mama zao wanasema wanasitasita, hawajui kama shikamoo inafika. Mimi hutamka "marahaba" kwa sauti, bila kuamkiwa, ili kuonyesha kwamba bado inafika, na wao hukimbia.

Kwa hiyo naomba yafuatayo yafanyike bila kuchelewa:

(a) Tukio hilo lifutwe katika simu zote, la mwaka huu na la miaka yote ijayo.

(b) Neno kumbukumbu, rangi ya zambarau na picha yangu ya tai visikutane tena mahali pamoja ilhali napumua.

(c) Umoja umwandikie Mzee Masalu barua yenye mhuri, ikithibitisha kwamba mimi ni hai, na kwamba Mzee Pius si mwongo bali ni msomaji mzuri wa simu.

(d) Kwaya iamue. Kama pengo langu halizibiki, nirudishiwe besi.

(e) Kalenda yenyewe irudishwe ilikotoka na turudi kuitana madirishani. Dirishani mtu akikuambia Clavery, unamwuliza Clavery kafanya nini, naye anakujibu hapo hapo.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati, kwaya, Mzee Pius usipomkuta amejificha, waliofika kunililia, na hasa wale waliolala kwangu mpaka jana, wakifika kwao salama wanijulishe. Na mama yako mwambie maharage yake yalikuwa mazuri, nilikula sahani mbili.

Ni mimi, ninayeendelea,

Clavery Rwekaza
Mwanachama hai

Tanbihi: Nimeifungua tena bahasha. Bi. Modesta amepita hapa sasa hivi kuchukua sufuria yake. Naomba usifute chochote. Neno libaki, zambarau ibaki, na ile ya kurudia kila mwaka bila mwisho iache kama ilivyo, usiiguse hata kwa bahati mbaya. Barua ya Mzee Masalu nayo haihitajiki. Dada yake anasema ameshazungumza naye, na kwamba humo humo kwenye kalenda mtatuandikia siku ya harusi. Nilimwuliza Bi. Modesta iwapo amefikia uamuzi, au tuendelee kuona. Akasema ndiyo yake aliitoa Jumamosi, juu ya bodaboda, kabla hajafika Mabatini, na aliitoa kwa sauti mpaka dereva akageuka kumtazama. Nikamweleza, kwa kuwa napenda vipimo vikae sawa, kwamba kwa wakati huo mimi nilikuwa marehemu. Akasema anajua.