Kuzaliwa Siku ya Gwaride

Jumatatu, tarehe 3

Ijumaa ni Sikukuu ya Taifa. Ijumaa hiyohiyo natimiza miaka hamsini. Nimechoka mapema.

Mimi ni fundi wa vipaza sauti wa manispaa. Sikukuu haiendi bila mimi, kwa hiyo kila siku yangu ya kuzaliwa naimalizia uwanjani, juani, nimekumbatia waya. Wimbo pekee niliowahi kuimbiwa siku hiyo ni wimbo wa taifa, na anayebonyeza kitufe ni mimi. Leo shemeji, kaka yake mke wangu, kanipiga begani na kusema nina bahati, nchi nzima inanisherehekea. Nimecheka. Nacheka hivyo tangu darasa la kwanza.

Mwaka huu sitaki. Hamsini si mchezo. Nataka kukaa nyumbani, nivae kaptula, mke wangu apike kuku, na mtu mmoja tu aseme tumekusanyika kwa ajili yangu. Basi! Kesho naomba ruhusa.

Jumanne, tarehe 4

Ruhusa imekataliwa. Bosi hakuinua hata macho. Kasema waliozaliwa siku hiyo ni wengi na hajasikia mwingine akilalamika. Labda wao si mafundi mitambo.

Hallo-Hallo alikuwa mlangoni anasikiliza. Huyu ni msaidizi wangu. Jina kapewa kwa sababu akishika maikrofoni kuijaribu, haiachi. Ameitamani meza yangu ya mitambo miaka yote. Nilipotoka akaniambia, kwa upole mno, nisikose Ijumaa, nije hata nikiwa taabani. Upole huo haukunipendeza. Jioni nikamkuta mke wangu ananong'ona kwenye simu. Aliponiona akakata. Nikachungulia jina kwenye simu: Hallo-Hallo! Kikulacho ki nguoni mwako. Nikajitia hamnazo, nikala, nikalala.

Jumatano, tarehe 5

Nimepata wazo. Mgongo! Nani atabisha na mtu anayesema mgongo unamuuma? Nimeinua spika ndogo mbele ya bosi, nikapiga ukelele, nikajibwaga sakafuni. Machozi yalikuwa ya kweli maana niliangukia plagi. Bosi kanipa mapumziko hadi Jumatatu, kwa shingo upande. Meza yangu kapewa Hallo-Hallo. Ajabu, hakufurahi. Alishika kichwa, akauliza na kuuliza tena kama siwezi hata kuja kukaa tu kwenye kiti. Unafiki huo!

Alhamisi, tarehe 6

Nilidhani mke wangu atanihurumia. Wapi! Kaanza kwa pole, kamalizia kwa kunisihi niende kesho. Nikae tu, kasema, nisiguse kitu, yeye atanibebea mto wa kuegemea. Nikamjibu mgongo hauna masihara. Akageukia ukutani. Nadhani alilia. Mke tuliyezeeka naye, anataka niende kazini nikafe! Imeniuma kuliko ambavyo mgongo ungeniuma kama ungekuwa unauma.

Kisha akamwita shemeji aje na dawa ya kuchua. Shemeji anapakia saruji kwenye malori, na mikono yake ni ya kazi hiyohiyo. Kanichua mpaka nikamwita mama yangu, ambaye ni marehemu. Sasa mgongo unauma kweli.

Ijumaa, tarehe 7

Siku yangu. Mke wangu na binti yetu wameondoka asubuhi kwenda uwanjani, wamevaa nguo mpya. Kasema kuna watu aliwaahidi na hawezi kuwaangusha. Hakuna kuku. Nimekula kiporo kitandani, peke yangu. Shemeji ameachwa sebuleni anilinde.

Nikafungua redio kusikiliza gwaride, nikiomba mitambo imshinde Hallo-Hallo. Sauti ilikuwa safi kabisa. Hotuba. Hotuba nyingine. Nikasinzia. Mara nikamsikia mshereheshaji akisema kuna mtu ambaye sura yake watu hawaijui, ila bila yeye wasingesikia neno hata moja miaka yote hii, na leo anatimiza hamsini, na mkewe ameomba tumwimbie. Akalitaja jina langu. Langu! Kwa spika zangu!

Akaniita jukwaani. Akaita tena. Ndipo Hallo-Hallo akashika maikrofoni, akasema mwenyewe anaumwa, atapokea yeye kwa niaba. Uwanja mzima ukaimba.

Nikaruka kitandani. Uwanja si mbali, ningewahi makofi. Mguu mmoja ndani ya suruali, shemeji huyo mlangoni! Nikasema nimepona. Akasema wagonjwa wa mgongo wote husema hivyo kabla hawajapooza. Kanirudisha kitandani, kanichua tena. Waliimba hadi mwisho nikiwa kifudifudi.

Jumamosi, tarehe 8

Keki imeliwa na bendi. Mke wangu kanionyesha picha: yeye, binti yetu, keki kubwa, na katikati Hallo-Hallo anapuliza mishumaa. Mishumaa yangu! Kumbe mke wangu alihangaika mwezi mzima, kwa bosi, kwa mshereheshaji, kwa Hallo-Hallo, ili angalau mara moja wimbo wa siku hiyo uwe wangu. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Nilitaka kumwambia ukweli wa mgongo, nikaishia kuomba mto. Nimeona aibu hata ya kujikuna.

Jumapili, tarehe 9

Mke wangu ameniletea habari. Kwa kunionea huruma amemfuata bosi hadi kwake, na bosi amekubali: mwakani siku hiyo ni mapumziko yangu. Hallo-Hallo atashika mitambo. Sisi tutashinda nyumbani, tule, tucheke, bila bendera wala hotuba. Ameniapia. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Nikamshika mkono, nikamshukuru kwa dhati.

Alipokwenda jikoni nikalifikiria vizuri. Watu walionikosa mwaka huu lazima watanitafuta mwakani. Nitaamka kabla yake, nitoke kwa mlango wa nyuma, nikae mstari wa mbele uwanjani nimevaa suti, nisubiri kuitwa. Sijamwambia. Nataka nimshangaze.