Uchaguzi wa Mstari wa Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanza kusoma Kigiriki cha kale saa tatu asubuhi. Saa nne nimemaliza herufi zote. Kumbe wasomi walikuwa wanatutisha bure! Kuna chuo kimepiga picha hati za Wagiriki, vipande vya mafunjo vilivyochakaa kama chapati iliyogugunwa na panya, kikaziweka kwenye tovuti. Unachagua mstari, unabonyeza herufi inayofanana na uliyoiona. Maana haihitajiki. Kazi inanifaa. Hapa Don Mills, Toronto, ninapolinda maegesho ya magari, magari ni matatu kwa saa, na kibandani siwezi kutulia.

Mwenye alama nyingi kufikia katikati ya mwezi, jina lake litachapwa kitabuni. Kitabu chenye jalada gumu! Mama yangu kule nyumbani Maua aliuza mbuzi wanne nisome, nikatoroka darasa la saba kwenda kuuza miraa. Ataona jina MUTUMA limechapwa kabla macho hayajamwisha. Sitaki kingine. (Labda na Kangethe wa kanisani kukonda kidogo kwa wivu.)

Jumatano, 5 Machi
Naye Kangethe yumo! Mwalimu mstaafu wa kanisani kwetu, mwenye kalamu mbili mfukoni hata harusini. Yeye wa kwanza. Mimi wa kumi na saba. Nimempigia kumpongeza. Akanishauri, polepole kama anaongea na mtoto, nisikimbie, nitazame kwanza kama kitu ni wino ama ni uchafu. Nikamwambia mimi nilikuwa nasoma nyayo za simba gizani, kwa kidole. Akasema basi simba huyo alikuwa na subira. Nimekata simu. Nimezunguka kibanda mara thelathini.

Ijumaa, 7 Machi
Mstari wa tisa! Pale Kangethe alipoacha wazi nimeona herufi nzima, ina mguu, ina kofia. Kompyuta imenikatalia. Ikabidi nisome maelezo, kwa mara ya kwanza. Kumbe mstari mmoja husomwa na watu wengi, jibu la wengi ndilo linalokubaliwa, na alama ni za aliyekubaliana na wengi, moja kwa kila mwenzake. Wengi! Huu si usomi, huu ni uchaguzi! Na uchaguzi naujua. Nilishawahi kumpatia udiwani mtu aliyekuwa amekufa siku tatu.

Mke wangu Chelagat amesema jambo lililoandikwa miaka elfu mbili iliyopita halipigiwi kura. Nimemwambia yeye ni muuguzi, siasa aniachie mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Kampeni. Ukumbi wa chini wa jengo letu, Thorncliffe Park. Mandazi mia moja na ishirini, chai sufuria mbili. Watu arobaini wamejisajili kwa simu zao, pamoja nami arobaini na mmoja. Nikawaonyesha pa kubonyeza. Eustache, Mkongomani wa ghorofa ya nne, amepiga kura, kisha akauliza mgombea mwingine analisha nini. Bi Khatoon, mzaliwa wa Mwanza, amevaa miwani, akatazama sana, akasema mwanangu, hilo ni tundu. Nikamwambia Mama, kula andazi. Akala. Akapiga kura. Akasema bado ni tundu.

Jumapili, 9 Machi
Wa kwanza! Kanisani nimetoka mara nne kutazama simu. Nimempigia Mama, nikamwambia atafute fremu. Amelia kwa furaha. Jioni majirani wote wa Maua walikuwa wanajua. Kangethe amenipa mkono, akauliza neno lenyewe sasa linasemaje. Nikamwambia hiyo ni siri ya kitaaluma.

Jumatano, 12 Machi
Barua pepe! Daktari Hina, msimamizi wa mradi, amestaajabu. Watu arobaini na mmoja wameona herufi ambayo wataalamu hawakuiona. Kipande kinarudishwa maabara, kipigwe picha kwa mwanga maalumu unaotenga wino na kila kitu kingine. Nakaa, nasimama, nakaa. Nimeingiza lori kupitia geti la kutokea. Nimemuuliza Chelagat kama mwanga hula mandazi. 

Jumamosi, 15 Machi
Tundu. Tundu la mdudu! Watu wazima arobaini na mmoja tumemchagua mdudu. Tena Daktari Hina amegundua kura zote zimetoka jengo moja, ndani ya dakika ishirini. Nimefutwa kwenye orodha. Jina litakalochapwa ni la Kangethe. Nimekutana na Bi Khatoon kwenye lifti. Amekunja vidole vikawa duara, akanichungulia. Mama amepiga simu mara mbili, keshanunua fremu. Sikupokea. 

Jumatatu, 17 Machi
Kangethe amekuja kibandani. Nilijua amekuja kucheka. Kumbe amemwandikia daktari, akaomba jina langu liwe chini ya lake. Amekataliwa. Daktari amejibu kwamba kisa changu kitaandikwa kwenye sura ya maonyo: mshiriki mmoja wa Toronto, aliyehonga majirani kwa mandazi ili tundu liitwe herufi. Kurasa mbili. Kangethe akanipa pole, akasema nimshukuru Mungu hawatanitaja.

Nishukuru! Yeye amepata mstari mmoja, mimi kurasa mbili, halafu nishukuru kufichwa? Nimempigia Mama hapo hapo: kurasa mbili! Kisha nimemwandikia Daktari Hina barua kali. Jina ni Mutuma M'Ikiara, kwa herufi kubwa. Na nafasi ikibaki, waweke picha. Ile ya suti.