Midomo Minne Ng'ambo ya Mto

Alhamisi, 19 Aprili 2001
Naapa kuandika yote, hata ya aibu. Mwalimu Collins alitufundisha kwamba jaribio lisiloandikwa ni uvumi tu.

Hali ni hii. Mtandao wa simu unakamata ng'ambo tu, kwenye jiwe la Abasi muuza duka, panapotazama mjini. Mvua imebeba daraja. Kwa hiyo Abasi anapokea habari zetu, kisha anatupigia kelele kuvuka mto, moja moja, mpaka ukungu ushuke. Mama mdogo Catherine, aliye Morogoro mjini, atapiga simu kusema kama nimechaguliwa kidato cha tano. Leo nilikuwa wa mwisho kwenye foleni. Angelina alikuwa wa kwanza, kama kawaida yake. Amechaguliwa! Nilimpongeza. Ukungu ukashuka.

Nimekumbuka somo la mwisho la Mwalimu kabla hajaenda kusoma Dar. Njia ya simu hewani ni nyembamba, alisema, lakini wataalamu wanaweka antena nyingi huku na nyingi kule. Zote zinarusha pamoja, kila moja habari yake. Milima inarudisha mwangwi, kila antena inapokea mchanganyiko wake, kisha hesabu inatenganisha. Nusu nilielewa. Nusu nyingine nilikubali.

Milima tunayo. Midomo tunayo!

Ijumaa, 20 Aprili
Nimemweleza Abasi mpango wangu kwa kupiga kelele. Ilichukua jioni nzima. Hakuna aliyepata habari yoyote. Watu wameninunia.

Jumamosi, 21 Aprili
Jaribio! Ng'ambo walisimama Abasi, mkewe Shamsia na wachimba karoti wawili. Huku mimi, Angelina anayesubiri habari za karoti za kwao, Mjomba Benedikto anayesubiri jibu la posa kutoka kwa binti yake Magdalena aliye mjini, na Mzee Gervas mwenye ng'ombe anayekaribia kuzaa kwa mkwewe. Nikapunga kanga. Wote wanne wakapaza sauti kwa pamoja. Mbwa wakaitikia.

Kila mmoja aliandika alichosikia. Nilikusanya karatasi, nikapiga hesabu palepale. Matokeo: Magdalena amechaguliwa kusoma sayansi. Karoti zinatakiwa ziripoti Jumatatu. Ndama amekubali posa. Mimi nimezaliwa salama, dume.

Mjomba alisoma mara mbili, taratibu.

"Cecilia, mwanangu," akasema, "sasa huyu ndama tumjibu nini?"

Angelina akashauri warudie mmoja mmoja. Ukungu ulikuwa umeshashuka.

Jumapili, 22 Aprili
Simu ya Abasi imezima. Ameipeleka Mkuyuni kuichaji. Angelina ameondoka baada ya misa, sanduku kichwani, kwa njia ya kuzunguka mgongo wa mlima. Siku nzima ya kutembea! Mama alinisihi nifuatane naye nikamuulize mama mdogo mwenyewe. Nilimjibu kwa adabu kwamba jibu tunalo tayari, limechanganyika tu. Angelina akasema yeye lake alilisikia kwa mdomo mmoja, likamtosha. Ana wivu.

Nimerudia hesabu. Safari hii karoti zimechaguliwa.

Jumatano, 25 Aprili
Daraja limerudi. Abasi amevuka, nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama. Mama mdogo alikuwa amesema wazi kabisa: nimechaguliwa, sayansi, niripoti Jumatatu. Jumatatu ya juzi! Mpaka Ijumaa nisipofika, nafasi yangu anapewa mwingine. Mama analia na kukunja nguo zangu kwa wakati mmoja. Kesho alfajiri napanda lori la karoti Mkuyuni.

Nimefikiri sana kosa lilikuwa wapi. Nimelipata. Masikio yalikuwa machache.

Nasikia huko shuleni matangazo husomwa moja moja, wasichana wote wamesimama juani. Nimeshaona pa kuanzia.

Mwalimu Collins, shikamoo. Kurasa hizi nampa dereva wa lori, anaendelea mpaka Dar. Tafadhali nijibu kwa dereva huyohuyo akirudi, nitamsubiri getini: midomo ikiwa minne, wasikilizaji wanane watatosha, au nianze moja kwa moja na kumi na sita?