Sato Arobaini wa Ziwa Kabindi

Jumatatu, 22 Machi 1999

Nimepata kazi! Mimi, Yustus Muhangi, mtoto wa mfugaji, ndimi mpima samaki wa mwalo wetu, ufuko wa wavuvi wa Ziwa Kabindi. Majaribio wiki mbili. Nikifaulu, barua ya ajira na baiskeli mpya. Nikishindwa, nafasi inakwenda kwa Polikarpi, mtoto wa katekista wa Kimuli, kijana mwenye mwandiko mzuri na roho mbaya.

Mwenye utafiti ni Dokta Placidia, mtaalamu wa samaki kutoka Mwanza. Amenikabidhi mizani ya betri. Unaweka samaki, inasoma gramu, unabonyeza kitufe, inakumbuka yenyewe. Sato arobaini kila siku ya kazi, mmoja mmoja, kwa mkono. Hilo la mkono amelirudia mara tatu.

Hapo ndipo penye shida. Sijawahi kushika samaki. Kwetu samaki ni ndugu wa nyoka. Mwenye kumla hapewi maziwa, maana ng'ombe watakauka. Mama yangu, Kembabazi, nimemwambia napima maji ya kunyweshea mifugo. Amefurahi mno. Kanijazia maziwa hadi ukingoni.

Jumanne, 23 Machi

Aibu! Nimefika mwaloni mapema, nimeamkia shikamoo kila mtu. Mzee Celestin, mvuvi ambaye wazazi wake walitoka Burundi, akaninyooshea sato. Mzima! Anahema! Ananitazama! Nikafumba macho, nikanyoosha mikono, kitu kikateleza, nikajikuta nimejificha kwenye mafunjo. Polikarpi alikuwepo. Kazi yake ni kuwepo.

Nikawatangazia wavuvi kwamba mizani mpya inapaswa kupumzika kwanza. Hawakuuliza kitu. Wachuuzi wanataka samaki kabla jua halijawa kali, na kupima kunachelewesha. Mzee Celestin alinishukuru kabisa. Nikarudi nyumbani na mizani kavu. Kesho nitasema nini?

Jumatano, 24 Machi

Akili ni mali! Mizani haina macho. Haijui sato, inajua uzito tu. Nimechagua viazi vitamu arobaini kwenye shamba la mama, vikubwa kwa vidogo, nikavitia kikapuni chini ya kitanda. Saa nane mchana mama akiwa malishoni, nimekaa kizingitini. Weka, bonyeza. Weka, bonyeza. Dakika nane, kazi imekwisha. Hakuna aliyehema. Wavuvi nimewaambia nitakuwa napimia samaki kwa wachuuzi, wasicheleweshwe.

Jumamosi, 27 Machi

Dokta Placidia amekuja. Ameunganisha mizani na kompyuta yake kwa waya. Namba zikapanda kwenye kioo, mstari kwa mstari. Akakunja uso. Nikaanza kusali. Kumbe anavaa miwani! Akasema kazi safi, samaki wa ziwa hili wana afya.

Polikarpi akanipa mkono wa pongezi. Hakuuachia. Kauinua hadi puani, akanusa. Akauliza mbele ya watu mbona mpima samaki ananukia sabuni. Nikamjibu kuwa usafi ni sehemu ya sayansi. Huyu ananifuatilia.

Jumatano, 31 Machi

Nimepaka mikono matope ya ziwani kabla ya kupita kwa Polikarpi. Amenusa tena. Ameondoka akitikisa kichwa. Viazi vimeanza kusinyaa, na panya wamepitia viwili. Si kitu. Gramu ishirini huku, thelathini kule, nani atajua?

Ijumaa Kuu, 2 Aprili

Leo hakuna mtumbwi ulioingia majini, yote imefunikwa ufukweni. Nimepima saa nane kasoro nikawahi Njia ya Msalaba saa tisa. Mtu asiseme sina bidii.

Jumamosi, 3 Aprili

Mambo yameharibika.

Dokta aliunganisha waya, akatazama. Akaita wavuvi wote. Kwenye kioo kulikuwa na mstari unaoshuka kama njia ya kwenda mtoni. Akaeleza kwamba sato wa Kabindi wanakonda. Kila siku wanakonda! Hajawahi kuona jambo kama hili katika ziwa lolote. Huenda chakula cha samaki kimekwisha majini. Kama ni hivyo, hakuna njia ila kufunga ziwa mwaka mzima lipumzike. Mkutano Jumanne. Wavuvi wataweka dole gumba kwenye karatasi ya kukubali.

Mzee Celestin akasimama. Akasema ana watoto saba na hana shamba, mtumbwi ndio shamba lake. Akauliza mwaka mzima wale nini. Kisha akanigeukia mimi, akaniomba nimweleze Dokta, kwani ndimi ninayewapima samaki, je, kweli wamekonda?

Wote wakanitazama. Nikasema sayansi ni sayansi. Ndivyo nilivyosema! Naona haya hata kuyaandika.

Jumapili ya Pasaka, 4 Aprili

Sikulala. Nikikiri, baiskeli imekwenda na Polikarpi ataimba. Nikinyamaza, watoto saba. Lakini Mungu hamtupi mja wake. Nimepata njia ya tatu katikati ya misa: kama sato wamekonda, basi sato wanenepe! Baada ya chakula nimechimba viazi vipya, vinono, vyenye udongo wake. Nimepima arobaini. Kimoja kimefika kilo mbili na robo! Nimeokoa ziwa. Nimekula pilau kwa amani.

Jumanne, 6 Aprili

Siku mbaya kuliko zote.

Dokta alifungua kompyuta mbele ya mwalo mzima. Akasema juzi sato wamenenepa maradufu kwa siku moja. Nikatabasamu. Akasema halafu kuna jambo jingine. Sikujua kwamba mizani inakumbuka na saa. Na tarehe! Nani kaniambia? Samaki wote wamepimwa mchana, wakati mitumbwi inarudi asubuhi. Na arobaini wamepimwa Ijumaa Kuu. Na arobaini Pasaka.

Akauliza kwa upole nani alivua siku hizo.

Watu wakaguna. Kuvua Ijumaa Kuu! Wakaanza kutazamana. Polikarpi akasema Jumamosi asubuhi aliuona mtumbwi wa Mzee Celestin umelowa. Mvua ilinyesha usiku kucha, kila kitu kililowa! Lakini nani wa kukumbuka mvua? Mmoja akasema ndiyo maana ziwa limelaaniwa. Mwingine akasema Celestin avuliwe uenyekiti wa jumuiya ya kanisa, mtumbwi wake uondolewe mwaloni. Mkewe, Anonciata, akajifunika uso kwa kanga. Mzee Celestin aliapa kwamba alikuwa kanisani. Na mbele yake, juu ya meza, ile karatasi ya kufunga ziwa, na wino wa dole gumba.

Nilitaka kukimbia. Miguu ilikataa. Mdomo ndio uliokimbia.

"Ni viazi!"

Hakuna aliyeelewa. Nikarudia. Polikarpi akasema nimepagawa. Ikabidi nikalete kikapu. Dokta akaweka kiazi kilicholiwa na panya juu ya mizani, akatafuta kwenye kompyuta, gramu zikakaribiana na za Ijumaa. Akavua miwani. Akaichana ile karatasi vipande viwili, taratibu.

Mwalo mzima ukacheka hadi wengine wakakaa chini. Mzee Celestin peke yake hakucheka. Alinisogelea, akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nikakiri kwamba naogopa kushika samaki.

"Mwanangu," akasema, "ungesema tu. Ningekushikia."

Ningependa anipige. Barua na baiskeli kapewa Polikarpi.

Jumatano, 7 Aprili

Mama amepata habari. "Iwe Muhangi, wewe! Samaki?" Hakuna maziwa siku saba. Nikamwapia kwamba sijagusa samaki hata mmoja. Akauliza, sasa nimefukuzwa kwa kosa gani? Nikamweleza. Akaongeza siku saba nyingine, kwa ajili ya viazi.

Jumatatu, 12 Aprili

Mungu ni mwema! Bwana mifugo anatafuta mtu wa kuhesabu ng'ombe, boma kwa boma, kuanzia Nyakasimbi hadi Igurwa. Chanjo zitaletwa kwa idadi nitakayoandika mimi. Kazi ya heshima, ya kwetu, haina magamba. Tatizo ni masika. Njia yote ni tope, na viatu vyangu ni hivi hivi.

Nimefikiri sana. Mama ana ng'ombe tisa. Ukiwapitisha mbele ya kibaraza, ukawazungusha nyuma ya zizi, ukawapitisha tena wakiwa wamechafuka kidogo, ni wa mtu mwingine kabisa. Hadi saa sita nilikuwa nimefika mia mbili na kumi na sita, viatu vikavu.

Wala watu wasiseme sikujifunza kitu kwa Dokta Placidia. Saa nimeandika za asubuhi, na Jumapili sihesabu.